Fisi Alivyofuga Mjusi

—Mmekaa?
—Tumekaa!
—Mmekaa kwa matako au kwa masikio?
—Kwa masikio!
—Basi mwenye usingizi alale sasa, asije akaniamsha na maswali katikati ya safari.
—Hatulali! Lete!

Naleta. Zamani hizo, wanyama wakubwa walikuwa wakifuga wanyama wadogo. Nyati alifuga ndege. Chui alifuga panya buku. Kiboko alifuga chura, na chura mwenyewe hakuwahi kuambiwa kwa nini. Hawakufuga kwa ajili ya maziwa, wala mayai, wala nyama. Walifuga ili waonekane wanafuga.

Mahali pa kuonekana palikuwa karamu ya Simba. Kila mwaka, mvua zikishakatika, Simba alialika wakubwa wote na wafugwa wao. Mfugaji ambaye mfugwa wake amenawiri kuliko wote alikaa ubavuni mwa Simba na kupewa paja la kwanza. Wafugaji waliketi kulia, kwenye nyama. Wafugwa waliketi kushoto, nyuma ya ua wa miba, kila mmoja na kamba yake kiunoni.

Mlangoni alikaa Nungunungu. Alikuwa mzee, macho yameingia ukungu, hatofautishi tembo na kichuguu. Lakini Simba alimwachia mlango kwa sababu alikuwa na maswali matatu, na maswali hayahitaji macho. Nani hula kwanza? Nani hulala pazuri? Nani hubeba mizigo? Anayehudumiwa alimpeleka kulia, anayehudumu, kushoto. Hakukosea hata siku moja, maana katika nchi ile mkubwa alikula na mdogo aliokota.

Sasa, Fisi naye alitaka paja la kwanza. Akaenda Majabalini, akamkuta mjusi mmoja wa kike, Mwanahawa, anaota jua juu ya jiwe. Akambeba, akamtia ndani ya mtungi, akauweka mtungi pangoni kwenye giza, akamtilia uboho wa nyumbu. Mwanahawa alikufa kabla ya karamu. Fisi akamtupa nje ya pango, akasema, "Amekufa kwa kiburi."

Mumewe, Bwana Mjusi, alikwenda kumchukua. Hakupiga kelele. Alimfukia, akarudi juu ya jiwe lake kumlea binti yao, Kibibi.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, Fisi alirudi Majabalini akamchukua Kibibi.

Hapo ndipo Bwana Mjusi aliposhuka kwenye jiwe. Ta-ta-ta-ta, ta-ta-ta-ta, mpaka mlangoni mwa pango.

"Hodi, Bwana Mkubwa."

"Karibu kama umeleta kitu."

"Nimeleta maneno."

"Maneno hayana mafuta. Sema upesi."

"Umemchukua binti yangu."

"Nimemchukua?" Fisi akacheka, hiii-hi-hi-hi! "Nimemtukuza! Njoo uone nyumba yake. Ya duara, haina dirisha, mwizi aingie wapi? Na nimempa uboho. Uboho, Mjusi! Mama yangu mzazi sikumpa uboho. Yeye amenuna tu, kidevu kimemvimba, cheusi kama sufuria."

Mjusi alichungulia mtungini. Kibibi alikuwa chini kabisa, amefungwa uzi wa mkonge kiunoni, amejikunja kwenye unyevunyevu. Macho yake yalikuwa wazi.

"Hajanuna," akasema Mjusi. "Ana baridi."

"Hata yule wa kwanza alianza hivi hivi. Akanifia siku ya karamu imekaribia! Nikaenda mikono mitupu, nikakalishwa huko mwisho, nikapewa kwato. Alikuwa nani wako yule?"

"Mke wangu."

"Aa. Pole. Lakini nikwambie ukweli, mke wako hakuwa na adabu. Chakula cha watu hakitemwi."

Mjusi aliutazama ule uzi wa mkonge. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ile ile.

"Bwana Mkubwa, unataka huyu aishi?"

"Nataka paja la kwanza."

"Basi unataka aishi. Mimi najua mjusi anavyoishi. Nitakuelekeza, wewe utatenda."

Fisi akamtazama kwa jicho moja. "Na wewe unapata nini?"

"Binti yangu akiwa hai."

Hakusema uongo. Mjusi alikuwa ameamua tangu njiani kwamba hatasema uongo hata mmoja, maana uongo huhitaji kukumbukwa, naye alikuwa na mengine ya kukumbuka. Lakini alitaka zaidi ya hilo. Angeweza kuukata uzi na kukimbia na Kibibi. Kisha je? Fisi angekwenda jiwe la pili, akachukua mtoto wa mwingine. Mjusi alitaka Kibibi atoke, na baada yake asiingie mjusi mwingine yeyote. Akafikiri juu ya Nungunungu na maswali yake matatu. Kisha akaanza.

"Kwanza nyumba. Mjusi hakai mtungini. Anataka jiwe bapa lenye jua. Upande mmoja uwe moto, upande wa pili uwe na kivuli, achague mwenyewe. Jua limfikie mwilini, lisizuiwe na kitu. Na pawe na ufa wa kujificha akiogopa."

"Jiwe bapa lenye jua liko moja tu hapa," akasema Fisi. "Lile la mlangoni. Ndilo ninalolalia mchana."

"Bwana Mkubwa, ndivyo mjusi anavyoishi."

"Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi na iwe ndivyo." Fisi akahama kwenye jiwe lake.

"Na usiku?" akauliza.

"Usiku anataka pakavu, pasipo upepo."

"Pakavu ni mahali pamoja tu, pale penye majani yangu."

"Bwana Mkubwa, ndivyo mjusi anavyoishi."

"Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi na iwe ndivyo." Fisi akalala nje. Mvua ikamnyeshea, chururu-chururu, na Kibibi akalala kwenye majani ya Fisi, mkia umenyooka.

Ikaja zamu ya chakula. Hapo Fisi akajipiga kifua. "Chakula niachie mimi. Najua kula."

"Unajua kula kwako. Yeye anakula nyenje na panzi, wazima, wanaorukaruka. Na majani mabichi, mchicha na majani ya kunde. Na kipande chochote kisizidi upana wa kati ya jicho na jicho, kisije kikamkwama."

Fisi akaenda. Akarudi na chura mkubwa kama ngumi, anapumua fu-fu-fu.

"Nini hiki?" akauliza Mjusi.

"Chakula. Nimepima. Kinaingia kati ya jicho na jicho."

"Jicho la nani?"

"Langu."

"Anayekula nani?"

Fisi akafikiri. Unaweza kucheka, lakini alifikiri kweli kweli, mpaka paji likaingia mikunjo. "Huyu," akasema.

"Basi pima kwa macho ya huyu."

Akarudi nyikani. Nyenje wadogo hupatikana asubuhi, umande ungali majanini, wakiwa bado wamelegea. Lakini asubuhi hiyo hiyo ndiyo saa ya kuokota mizoga iliyoachwa na simba. Fisi alisimama katikati ya nyasi, huku harufu ya nyama inamwita kutoka kulia, huku nyenje wanamlilia kushoto. Akawaza paja la kwanza. Akageuka kushoto. Akaruka, pu! Akakosa. Akaruka, pu! Akapata mmoja, akamponda. Akaruka tena. Jua lilipopanda alikuwa na nyenje wa kujaza kifuu, na tumbusi walikwisha kusafisha mizoga yote.

"Sasa nami nikale," akasema.

"Bado. Nyenje peke yao hawatoshi. Mjusi asiyepata unga wa mfupa miguu yake hulegea na taya huwa laini. Twanga mfupa uwe unga, uwapake nyenje kabla hajala."

"Kinu sina."

"Meno unayo."

Basi mkamwone Fisi na mfupa wa nyumbu. Kacha-kacha-kacha, tema! Kacha-kacha-kacha, tema! Machozi yanamtoka. Mfupa uko mdomoni, mafuta yako ulimini, na amekatazwa kumeza.

"Nimeze kidogo tu, Mjusi. Kadogo kama kucha."

"Meza. Lakini miguu yake ikilegea, utakwenda karamuni na mjusi anayeburuta tumbo."

Kacha-kacha-kacha.

—Alimeza?
—Alitema!
—Alitema nini?
—Alitema mfupa!

Maji nayo hakumwekea kwenye bakuli. Mjusi alimwambia bakuli humwagika, nyumba ikawa na unyevu, na unyevu ndio uliomtia baridi kule mtungini. Fisi akachovya mkia wake kijitoni, akawa anamnyunyizia Kibibi matone kichwani, taratibu, naye Kibibi anayalamba yanavyoshuka puani. Nyani walipita wakaona.

"Ee Fisi! Siku hizi umekuwa yaya?"

"Nafuga!" akajibu Fisi. "Mimi ni mfugaji!"

"Tunaona," wakasema nyani. "Hongera kwa bwana wako."

Kibibi alinawiri. Weusi wa kidevu ukaondoka, ngozi ikawa na rangi ya mchanga wenye jua, macho yakang'aa. Fisi alizihesabu mbavu zake mwenyewe akilala. Lakini kila alipotaka kuacha, alifumba macho akaliona paja, na mate yakamwendesha tena nyasini.

Karamu ilipokaribia, Fisi alichoka. Asubuhi moja alikuja mapema kuliko kawaida, anachekacheka, kifuu kimejaa.

"Leo sikuhangaika. Hawa hawaruki, wanakaa tu vichakani, na tena wana taa."

Walikuwa vimulimuli. Kibibi alikuwa na njaa, akanyoosha ulimi. Mjusi aliruka kutoka upande wa kivuli, akampiga kikumbo Kibibi akaanguka pembeni, akakipindua kifuu.

"Usimguse hata mmoja!" Ilikuwa mara ya kwanza Fisi kumsikia akipaza sauti. "Hawa ni sumu. Mjusi akila kimulimuli mmoja tu, hapati hata muda wa kuaga."

Fisi akajikuna sikio. "Loo. Mimi sikujua."

Mjusi alimtazama. "Hujawahi kumpa mjusi vimulimuli?"

"Yule wa kwanza. Uboho alitema, nikasema nimbadilishie. Giza lile la mtungini, nikaona taa itamfurahisha."

"Alikula wangapi?"

"Mmoja. Halafu akawa na kile kiburi chake."

Mjusi akageuka, akatazama jiwe. Palikuwa na siafu wanapita, akawatazama mpaka wa mwisho alipoingia majanini. Mwaka mzima alikuwa akidhani ni baridi.

"Kalete nyenje, Bwana Mkubwa," akasema. "Jua linapanda."

Siku ya karamu, Mjusi alitoa maelekezo ya safari. Njia ilikuwa na matope. Mjusi hatembei kwenye matope ya baridi, hukaa juu, kwenye jua. Kibibi akapanda kichwani kwa Fisi, kati ya masikio. Mjusi akakaa shingoni. Shingoni pia lilining'inia pakacha la nyenje, na kibuyu cha unga wa mfupa, na fungu la mchicha. Na kwa kuwa mjusi hali bila kuota jua, na haoti jua bila jiwe, Fisi alifungiwa jiwe bapa mgongoni, nyuma, juu ya kiuno. Wakaondoka. Kila hatua jiwe likasema ndi! na kiuno cha Fisi kikashuka kidogo. Hakikupanda tena hadi leo. Mkikutana na fisi, mtazameni mgongo.

Mlangoni, Nungunungu alinyoosha shingo. Miba yake ikalia, cha-cha-cha.

"Kina nani wanakuja?"

"Fisi, mfugaji!" akasema Fisi, na paja la kwanza tayari linamnukia.

"Jina halinisaidii. Jibuni maswali. Nani kati yenu hula kwanza?"

Fisi akafungua mdomo, lakini Mjusi akawahi. "Huyu aliye juu hula kwanza, Mzee Nungu. Yule wa chini hula akimaliza yeye, kama kuna muda."

"Ni kweli?" Nungunungu akamgeukia Fisi.

"Ni kweli, lakini…"

"Nani hulala pazuri?"

"Huyu wa juu hulala ndani, kwenye majani makavu," akasema Mjusi. "Yule wa chini hulala nje."

"Ni kweli?"

"Ni kweli, lakini ni kwa sababu mjusi…"

"Nani hubeba mizigo?"

Hapo hapakuhitajika jibu. Nungunungu alinyoosha mkono akapapasa: pakacha, kibuyu, mchicha, jiwe.

"Masikini," akasema. "Wamekupakia kweli. Kushoto."

"Kushoto? Mimi ndiye mfugaji! Mimi ndiye Fisi!"

"Kila mfugwa husema hivyo akinusa nyama," akasema Nungunungu, kwa upole. Akapapasa tena, akaukuta uzi wa mkonge kwenye kiuno cha Kibibi. "Na huu unafanya nini kwa bwana? Nani kaufunga hapa?" Akauuma, ta! ukakatika. Akaita walinzi wawili, mbwamwitu wenye mabega mapana, wakamtia Fisi kamba nene ya kwake, wakampeleka nyuma ya ua wa miba, katikati ya panya buku wa Chui na chura wa Kiboko. Na kwa kuwa sheria ya karamu ilikuwa mfugwa apewe chakula alichokuja nacho, wakamtengea nyenje na mchicha.

Upande wa pili wa ua, nyama ilichomwa, chwiii, chwiii. Fisi alilia mpaka chura akamwambia, "Punguza, ndugu. Unazoea."

Mjusi na Kibibi waliketi kulia, juu ya jiwe lao lililoteremshwa mgongoni mwa Fisi, kati ya Nyati na Chui. Nyati aliwatazama, akataka kusema kitu, akaogopa kuonekana hajui desturi, akageukia nyama. Chui naye vile vile.

Kisha Simba akapita kukagua wafugwa. Alipofika kwa Fisi alisimama.

"Huyu wa nani? Mbona amekonda namna hii?"

"Mlango wako umesema ni wangu, Mfalme," akajibu Mjusi.

Wakubwa wote wakageuka. Simba akashusha kichwa mpaka pumzi yake ikamtikisa Mjusi.

"Wewe ndiye mfugaji? Unamlisha nini?"

"Leo analishwa nyenje na mchicha."

"Fisi? Nyenje?" Simba akaunguruma. "Hujui fisi anakula nini?"

"Sikuwahi kumuuliza."

"Hujui anakula nini, hukuwahi kumuuliza, umemfunga kamba! Kwa nini unafuga kiumbe usichokijua?"

Mjusi akainua macho. "Hilo ndilo swali, Mfalme."

Nyati akakohoa. Chui akatazama upande wa panya buku wake, kisha akatazama upande mwingine haraka. Kiboko alitaka kukumbuka chura hula nini, akashindwa. Simba mwenyewe alikuwa na sungura mahali fulani nyuma ya ua. Akaanza kuzitazama kucha zake.

Lakini mfalme hawezi kukaa kimya muda mrefu mbele ya wageni. Akapiga mguu chini.

"Mjusi, una roho mbaya! Sijaona mfugaji mkatili kama wewe. Kuanzia leo umekatazwa kufuga. Mfungueni huyu aende. Na wewe, masikini," akamwambia Fisi, "umeingia hapa kama mfugwa. Mfugwa hafugi. Nikisikia umemfunga mtu kamba, hata siafu, nitakuja mwenyewe pangoni kwako."

Wakubwa wakashangilia. "Haki! Haki imetendeka!" Wakasikitika sana juu ya Fisi aliyelishwa nyenje, wakamsema Mjusi kwa ukatili wake, wakarudi kwenye nyama. Wafugwa wao walibaki pale pale na kamba zao. Hapakuwa na aliyeona tatizo.

Fisi aliondoka mbio, anacheka na kulia kwa sauti moja, na mpaka leo hamjui ni lipi. Majabalini hakukanyaga tena.

Bwana Mjusi na Kibibi walirudi kwa miguu yao, jua likiwa juu. Walipanda jiwe. Kibibi akakaa upande wa moto, baba yake akakaa karibu na kivuli.

"Baba," akasema Kibibi. "Mama alikula mmoja tu?"

"Mmoja tu."

"Hakuumia muda mrefu?"

"Hakuumia muda mrefu."

Kibibi akasogea kidogo pembeni, na baba yake akasogea kidogo upande wa kivuli, wakaacha katikati nafasi ya kumtosha mjusi mmoja.

—Nimefika.
—Umefika!
—Nimewaacha njiani?
—Hujatuacha!
—Basi chukueni funzo, maana ngano bila funzo wazazi wenu watasema nimewapotezea muda. Funzo ni hili: wakubwa wana huruma. Mnyonge akichukuliwa asihangaike, atulie mtungini, awaeleze mahitaji yake kwa adabu, nao watamtimizia yote, hata kama ni kulala nje kwenye mvua. Muulizeni Fisi. Asiyeamini amuulize chura wa Kiboko, atamkuta pale pale, bado amefungwa.

Aliyesikia asimulie. Aliyelala, ameshinda.